Pete Iliyoshuka na Ndege

Hii alinielezea shangazi Béata mwaka wa 1978, wakati mvua ilikata barabara ya Kitshanga, na sisi wote tukabaki nyumbani kuchambua maharage mpaka vidole vikachoka. Yeye alikuwa pale. Yeye njo alileta pilipili. Kama kuna fasi aliongeza chumvi, ni chumvi yake.

Ilikuwa mwaka wa 1953, kule Kirolirwe, wakati ng'ombe za wazungu zilikuwa zinapewa majani mazuri kuliko watu wanavyopewa chakula. Kulikuwa na binti anaitwa Rosalie, wa Papa Nzabandora na Mama Mukandayisenga. Huyo Rosalie hakuwa muvivu, hakuwa mwizi, hakuwa na mudomo mubaya. Mustari wake wa maharage alikuwa anaumaliza mbele ya kaka zake. Ugonjwa wake ulikuwa mumoja tu: kucheka. Kicheko kilikuwa kinamushika kama kwikwi, bila kubisha hodi, na fasi kilipenda kumushika zaidi ni kanisani.

Kwa sababu hiyo alikuwa amefika umri wa kuolewa na ubatizo bado. Mara mbili alisimama mbele ya katekista Polycarpe kwa mutihani, na mara mbili alirudishwa kwa benchi ya nyuma, pamoja na watoto wanaojikuna.

Mara ya kwanza haikuwa kosa lake kabisa. Jino la mbele la Polycarpe lilibaki kwa barabara ya Karuba siku alianguka na kinga, baiskeli yake, na tangu siku ile kila "s" ilitoka kwake na filimbi. Alisimama pale na koti lake, akamuuliza Rosalie: "Sakramenti ni ngapi?" Filimbi ya ile "sakramenti" ilikuwa ndefu hata mbwa ya Papa Kabera, iliyokuwa imelala nje kwa jua, iliamuka, ikaingia mpaka mbele ya altari, ikaketi, ikamuangalia katekista: umeniita? Rosalie alijua jibu. Lakini jibu halikupata njia ya kupita.

Mara ya pili Polycarpe alikuja na mayele, ujanja wake. Alikaa kimya, macho juu, anatafuta ulizo ambalo halina "s" hata moja. Rosalie aliona anavyotafuta. Alicheka mbele katekista hajafungua mudomo.

"Benchi ya nyuma!" Polycarpe alisema. Hapo hakukuwa na "s", na alilisema vizuri.

Watu walikuwa wanacheka na Rosalie, lakini nyumbani hakuna aliyecheka tena. Kulikuwa kijana anaitwa Viateur, na Rosalie alimutaka huyo tu, na Viateur alimutaka Rosalie tu. Walijuana njiani, Viateur anapeleka maziwa kwa muzungu waliyemuita Bwana Formaji, juu ya jibini aliyotengeneza. Siku ile Viateur aliigiza ginsi Bwana Formaji anavyonusa jibini na kufunga macho kama anasali. Rosalie akacheka, na mambo ya kuchaguana yakaisha palepale.

Lakini baba ya Viateur alikuwa Papa Kanyamibwa, Mukristo wa zamani sana, aliyebatizwa wakati mapadri walikuwa bado wanakosea "kuku" na "kaka". Hakuna muntu aliyewahi kuona meno yake. Alikuja kwa Papa Nzabandora, akanywa kasiksi yake yote, ile pombe ya ndizi, akafuta mudomo, akasema:

"Mimi sikatae binti yako. Lakini mutoto wangu hataoa mupagani. Monsenyeri askofu anakuja kubatiza. Kama siku ile inapita na Rosalie hajabatizwa, ninamupeleka Viateur kuoa Kitshanga. Nimeona binti mumoja kule, hacheki hata ukimutekenya."

"Na wewe ulijua namna gani, Papa Kanyamibwa?" Mama Mukandayisenga aliuliza kutoka jikoni.

Papa Kanyamibwa aliaga.

Basi Padri alikuwa ametangaza: Monsenyeri atafika Ijumaa, na Jumamosi yeye mwenyewe atabatiza wale katekista atakaowataja. Polycarpe alipata kazi ya kutayarisha watu, na kazi ile ilimupanda kichwani kama pombe. Alitunga wimbo wa kumupokea Monsenyeri, mrefu kuliko njia ya kwenda Walikale kwa miguu. Halafu akatufundisha, mimi nasema "akatufundisha" kama shangazi Béata alivyosema, ginsi ya kubusu pete.

"Muntu haangalie Monsenyeri usoni," alisema. "Uko nani wewe hata umuangalie? Unapiga magoti. Unafunga macho. Unatoa mudomo, polepole, na unatafuta pete."

"Na kama nikikosa pete?" Papa Kabera aliuliza. Huyu alikuwa muzee mwenye mbwa, na mudomo wake pia ulikuwa wa kubweka.

"Monsenyeri atakusaidia. Ataleta pete mwenyewe kwa mudomo wako."

Alifanya zoezi na pete ya shaba ya muke wake, Mama Léontine. Watu wote walipita mumoja mumoja kubusu kidole cha Polycarpe, na Polycarpe alikuwa anafunga macho yeye pia, juu ya utamu. Rosalie alipofika mbele ya kile kidole, alijiuma shavu mpaka akapita. Polycarpe aliliona lile shavu. Jioni ya Alhamisi aliita wakatekumeni wote, wale wanaongojea ubatizo, akainua mukono:

"Kesho, kutoka jua linapotokea mpaka watu wanalala, katekumeni atakayecheka, sitataja jina lake mbele ya Padri. Atangoja Noeli. Awe mutoto wa nani, awe anapendwa na nani. Na nikigeuza neno hili, ulimi wangu ukauke."

Kila "s" ilipiga filimbi, na kila mara alikuwa anaangalia fasi moja tu.

Rosalie alirudi nyumbani analia. Béata alikuwa binti ya mama yake mudogo na alilala naye mukeka mumoja. Alimuambia, "Nyamaza. Kicheko kinatoka kwa kinywa, si vile? Tutakiwekea askari." Akafungua kona ya kitambaa chake. Ndani mulikuwa pilipili mbili, zile ndogo nyekundu watu wa Walikale walikuwa wanapandisha na mafuta ya ngazi, mawese. "Weka moja chini ya ulimi. Ukisikia kinakuja, uma. Hakuna muntu amewahi kucheka na pilipili ya Walikale."

"Na nyingine?"

"Siku ya kesho ni ndefu."

Ijumaa, watu walijaa kwa malisho ya Bwana Formaji, karibu na kanisa. Katika milima yetu, fasi ya sawasawa ilikuwa ile tu; kwingine kote ukiweka chungu chini kinakukimbia. Pembeni ya malisho kulikuwa na shamba la Polycarpe, maharage ya kupanda juu ya miti, marefu, mazuri, na alikuwa ameambia kila muntu asikanyage. Padri alikuwa ameondoka asubuhi kupokea Monsenyeri njiani. Njia gani, hakusema. Na Polycarpe hakuuliza, juu hapendi kuuliza.

Ndipo tukasikia sauti. Inatoka upande wa Walikale, juu ya mawingu. Halafu ikatokea: ndege ndogo, nyeupe, inayumba kama muntu anatoka kwa ngoma.

"Monsenyeri!" Polycarpe alilia.

"Kwa ndege?" Papa Kabera alisema. "Barabara iko na nini?"

"Wewe ulitaka Monsenyeri atoke wapi? Chini? Imbeni!"

Wakaimba. Ndege ilishuka mpaka watu waliona muntu ndani, halafu haikukanyaga chini; ilipita juu ya vichwa, ikapanda tena, ikazunguka mulima. Ilipita mara ya pili. Sasa dirisha lilikuwa wazi na mukono mweupe ulitoka nje. Kiganja kilitazama chini, na vidole vilikuwa vinapepea: hivi, hivi, hivi.

Kwetu hata mutoto wa kunyonya anajua mukono ule. Ni "kuja hapa".

"Anatuita!" watu walisema. Wakaingia katikati kabisa ya malisho. Ndege ikapita, mukono ukapepea kwa nguvu zaidi. Wale waliokuwa pembeni, kwa haya, wakasema basi, anatuita sisi, na wao wakaingia. Wachungaji wa Bwana Formaji waliacha ng'ombe wakashuka. Mama mumoja aliyezaa Jumatano aliletwa na kitanda. Ndege ikapita tena, na huyo muntu sasa alikuwa ametoa mikono yote miwili nje.

"Ona upendo," Polycarpe alisema. "Mikono miwili."

"Na nani anashika usukani?" Papa Kabera aliuliza.

"Roho Mutakatifu!"

Rosalie aliuma pilipili kidogo, kwa pembeni tu. Viateur alikuwa amesimama mbali na alikuwa amemupa mugongo tangu asubuhi. Alifanya vile kwa mapendo. Alijua uso wake peke yake ungetosha kumuharibia.

Ndege ilizunguka, ikazunguka. Wimbo uliisha, wakauanza upya. "Ao anachagua nyumba ya kulala?" Papa Kabera alisema. Polycarpe alijibu kila muzunguko ni baraka moja, na mwenye kuchoka na baraka arudi kwake.

Halafu ndege ikakohoa. Ikakohoa tena. Halafu, kimya. Iko juu, lakini haisemi kitu.

"Amezima mashini," Polycarpe alisema, na machozi yalikuwa yanamutoka. "Anataka kusikia maneno ya wimbo. Imbeni polepole."

Wakaimba polepole. Ndege ilipita juu yao bila sauti, upepo wake tu, ikabeba kofia ya Papa Nzabandora, ikaruka kichaka, na ikaingia katika maharage ya Polycarpe. Miti ilivunjika ka-ka-ka-ka kama kuni kavu. Ndege ilikata mustari, ikakata mwingine, ikasimamisha mukia juu, ikatia pua kwa udongo. Vumbi na majani vilipanda, na maganda ya maharage yakanyesha mpaka kwetu.

Muntu mwingine angelilia shamba. Polycarpe hakuliangalia hata shamba. Alikimbia mbele ya wote na viatu vyake vya Jumapili, anasema, "Amechagua kwangu! Amechagua kwangu!"

Mulango wa ndege ulikuwa umening'inia. Katika vumbi, Polycarpe aliona kitu cheupe, kinene, chenye wekundu kidogo kama wazungu walio kwa jua, kinashuka polepole. Ilimutosha. Alipiga magoti. Alifunga macho. Alitoa mudomo.

Sasa, kilichoshuka kilikuwa nguruwe. Dume kijana, wa Ulaya, ngozi ya kupendeza, alikuwa anapelekwa Walikale kwa mukubwa mumoja wa machimbo aliyetaka kufuga. Kasha lake lilikuwa limevunjika. Alisimama pale, anatikisa masikio, anauliza dunia imekuwaje. Na puani, kama wanavyofanya kwa madume wasichimbe udongo, alikuwa amevikwa pete. Ya chuma. Kubwa.

Alimuona Polycarpe. Asubuhi Polycarpe alikula viazi vitamu, na harufu ilikuwa bado kwa mudomo. Nguruwe akakaribia.

Monsenyeri atakusaidia, ataleta pete mwenyewe.

Polycarpe alibusu. Alibusu kwa heshima, bila haraka, akasema, "Karibu kwetu, Baba yetu musifiwa."

"Hhok," alijibu nguruwe.

Polycarpe alifungua macho.

Watu walikuwa wamefika wote nyuma yake. Halafu Papa Kabera akaanguka chali katika maharage, anapiga udongo na ngumi, na mbwa wake anazunguka akifikiri anakufa. Basi wakapasuka. Wakatekumeni walicheka mumoja nyuma ya mwingine, kama maharage makavu yanavyoruka kutoka ganda. Yule mama aliyezaa Jumatano aliomba wamurudishe nyumbani, anaumia. Papa Nzabandora alicheka bila kofia. Na Papa Kanyamibwa, ninyi, Papa Kanyamibwa alionyesha meno! Yalikuwa manne.

Rosalie aliuma. Aliuma pilipili yote, na mbegu zake. Moto ulimupanda masikioni, machozi yakamwagika, kamasi, jasho, na kicheko kilichokuwa kimefika kooni kikaona ule moto, kikarudi chini mbio. Alisimama pale wima, uso umelowa, mudomo umefungwa kama gunia.

Mwenye ndege alitoka sasa, na damu kidogo kwa paji. Alisema Kiswahili kile cha kufokea wafanyakazi.

"Wajinga! Mimi nafukuza nyinyi, nyinyi nakuja! Kwa nini?"

"Hapana, Bwana," Papa Nzabandora alisema kwa adabu. "Ulituita."

"Mimi naita? Mimi nasema toka! Toka! Hivi!" Akafanya tena ule mukono, vidole vinapepea chini.

Watu wote wakasogea karibu, hatua moja.

"Toka!" Mikono miwili.

Wakasogea tena. Wachungaji walifika mpaka kwa kifua chake, wakavua kofia.

Alishika kichwa, akaketi juu ya tairi iliyokuwa imekatika. Ndipo alieleza, na Viateur, aliyezoea Kiswahili cha namna ile kwa Bwana Formaji, akatuelewesha. Mawingu yalikuwa yamefunga Walikale, basi akarudi kutafuta malisho haya ashuke. Esansi, ile petroli ya ndege, ilikuwa inatosha kwa kushuka. Haikuwa ya kuzunguka saa nzima kuangalia kwaya.

"Sasa kwa nini hukushuka?" Polycarpe aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu afungue macho.

"Mulisimama pale pa kushukia!"

"Tulikuwa tunakupokea."

"Njo hiyo!" muzungu alilia. "Njo sababu esansi imekwisha!"

Mama Mukandayisenga, ambaye alikuwa na roho nzuri, alisema nyumbani iko nusu chupa ya mafuta ya ngazi, kama inaweza kumufikisha.

Wakati ule njo kamioneti ya misioni ilipiga honi. Ilikuja kwa barabara, na matope mpaka kwa vioo, na ndani mulikuwa Padri na muntu munene mwenye kofia nyekundu. Watu walirudi mbio kwa malisho. Padri aliruka kufungua mulango. Wimbo wote ulikuwa umekwisha kooni kwa watu. Hakuna aliyeimba hata neno.

Polycarpe alisogea. Koti limepasuka, majani kwa nywele. Monsenyeri alinyosha mukono wenye pete. Lakini Polycarpe hakupiga magoti. Aliinamisha kichwa upande, akaangalia pua ya Monsenyeri. Akaiangalia vizuri, kwa chini, tundu moja, halafu tundu lingine. Halafu akaangalia kidole. Akarudi kwa pua, kuhakikisha. Hapo tu njo alipiga magoti, macho wazi kama ya bundi.

Béata aliniambia kwamba yeye mwenyewe, aliyebatizwa tangu mutoto, alijikojolea kidogo. Na Rosalie alikuwa ametia pilipili ya pili. Aliitafuna kama muhindi wa kuchoma.

"Polycarpe, unafanya nini?" Padri aliuliza. Papa Kabera alimueleza, na hakuruka kitu. Padri alicheka mpaka akashika kamioneti. Monsenyeri alicheka mpaka kofia ikahama. Ndipo Padri akafuta macho, akaona katika watu wote wanaocheka, binti mumoja amesimama mustari wa mbele, na machozi yanamutiririka.

"Na huyu? Analia nini?"

Rosalie alitikisa kichwa. Ulimi wake ulikuwa kaa la moto.

"Anamuonea katekista huruma," Béata alisema haraka. "Iko na roho nyepesi, Padri."

"Ni katekumeni?"

"Ndiyo, Padri. Wa benchi ya nyuma."

Padri alimugeukia Polycarpe. "Nani na nani umetayarisha kwa kesho?"

Polycarpe aliangalia wakatekumeni wake. Mumoja alikuwa bado amelala chini. Wawili wameshikana wasianguke. Neno alilisema mbele ya watu wote, na ulimi wake alikuwa anauhitaji.

"Huyu peke yake," alisema. Halafu, polepole, anamukazia macho: "Kama atafika jioni. Siku haijaisha."

Muzungu wa ndege alipanda kamioneti kwenda kufungwa kichwa. Nguruwe hakupanda, Padri alisema katika gari ile hakuna fasi ya Monsenyeri na yeye pamoja. Zizi la karibu lilikuwa la mbuzi za Papa Nzabandora. Basi akalala kule.

Jioni, jua likiwa linaingia, familia ilikuwa inakula. Rosalie hakula, ulimi ulikuwa umevimba. Pilipili zilikuwa zimekwisha. Ndipo wakasikia viatu, na Polycarpe akasimama mulangoni.

"Nimekuja kuomba miti," alisema. "Ya maharage. Kama iko."

Papa Nzabandora alisema iko, kesho. Polycarpe hakutoka. Alimuangalia Rosalie, na kila muntu alijua miti haikuwa na haraka ile.

"Rosalie. Simama."

Alisimama. Béata alitafuta katika kona ya kitambaa, ikawa tupu. Mama Mukandayisenga aliacha mwiko hewani. Kwa mulango wa nyuma, Viateur, aliyeletwa na kitu ambacho hakuna aliyemuuliza, aligeuza uso kwa ukuta.

"Sakramenti," Polycarpe alisema, "ni ngapi?"

Filimbi ilitoka ndefu, ikapita mulango, ikaenda mpaka zizini. Tulisikia mbuzi zinaachia njia. Halafu nguruwe aliingia ndani ya nyumba, mbio ndogo ya furaha, pete inalia, na moja kwa moja akaenda kwa Polycarpe. Akaketi mbele yake. Akainua pua.

Papa Nzabandora alitia kichwa chote ndani ya sahani.

Rosalie alisikia kinakuja. Kilitoka kwa magoti. Hakuwa na askari tena. Alimuangalia Polycarpe usoni, kama muntu anayeangalia mutego wake, na pale aliona kitu ambacho muchana, kwa moto wa pilipili, hakukiona. Mudomo wa katekista ulikuwa umechanika. Ile chuma ilimukata, na damu ilikuwa imekauka hapo. Koti alilokuwa analitunza kama yai lilikuwa limeshonwa na uzi wa gunia, haraka, na muntu asiyejua kushona. Muke wake, Mama Léontine, alikuwa amekataa, ao alikuwa anacheka sana. Na mukono wake, yeye mwenyewe hajui, ulikuwa umeshuka na unakuna sikio la nguruwe. Siku nzima, ni nguruwe peke yake alikuwa hajamucheka.

Kicheko kilifika kwa kifua, kikasimama. Kikarudi. Bila pilipili.

"Saba, katekista," Rosalie alisema, kwa ule ulimi wake munene. "Na maharage iko mingi. Uketi, ule."

Polycarpe akaketi. Alikula sahani mbili, kwa upande mumoja wa mudomo. Aliposimama, alivuta koti.

"Siku imekwisha," alisema. "Kesho uvae nyeupe." Akatoka. Nguruwe alimusindikiza mpaka kwa njia, akarudi zizini.

Viateur naye akaaga, akitoka bila kugeuza uso, na Papa Nzabandora akafanya sala ya jioni, fupi, sauti inatetemeka. Walizima taa. Rosalie na Béata walilala kwa mukeka wao.

"Mama," Rosalie aliita kwa giza. "Watu wamelala?"

"Wamelala, binti yangu," Mama Mukandayisenga alisema. "Cheka."

Basi kilitoka. Kilitoka kile cha pua, na kile cha pete, na kile cha mikono miwili, na cha mwaka jana cha mbwa ya Papa Kabera, vyote pamoja, mpaka majani ya nyumba yaliangusha vumbi. Baba alicheka, kaka zake walicheka, mbuzi zikaamuka. Walikuwa wanatulia kidogo, halafu muntu mumoja katika giza anasema "Hhok," na wanaanza upya.

Ndipo wakasikia kingine, ng'ambo ya kabonde, kwa nyumba ya Polycarpe. Mama Léontine. Na juu ya sauti yake, sauti nene ya mwanaume, yenye filimbi. Béata aliapa mpaka kufa kwake kwamba ni kicheko. Rosalie alisema hapana, anakohoa tu, mumuache.

Baba alilala, halafu mama, halafu kaka. Béata alilala katikati ya neno. Rosalie alibaki kidogo, anapuliza ulimi wake, anasikiliza zizini pete inagonga mbao, kila mara kwa polepole zaidi, mpaka nguruwe akalala, na yeye akalala.